Rangi ya Mdomo kwa Kima Mzee

Mume wa dada yangu analisha kima kwenye bustani ya wanyama. Kima wake ni wale wa nyuso nyekundu. Dume akishika ubosi, uso unamuiva kama nyanya. Akipinduliwa, rangi inafifia, na kundi zima linaelewa bila tangazo.

Kima mzee, ambaye shemeji alimlea kwa chupa tangu mchanga, alipigwa na dume kijana. Uso ukapauka kama majivu. Meneja wa bustani akapita, akatikisa kichwa.

"Huyu anaumwa. Kesho daktari akimkuta hivi, tunamhamisha."

Shemeji akaja mbio kwenye duka langu la vipodozi.

"Shemeji, nipe rangi ya mdomo. Nyekundu iliyokolea."

"Ya dada?"

"Ya kima."

Biashara haina maswali. Nikampa ile iliyonidodea mwaka mzima, nikapandisha bei kidogo kwa sababu alikuwa na haraka.

Asubuhi niliandamana naye, nione bidhaa yangu ikifanya kazi. Shemeji akaingia bandani, akampaka mzee uso mzima. Kwa kweli alipendeza! Daktari angepita hapo akamwona mzima, mambo yangeisha. Ila shemeji alisahau kwamba si daktari peke yake anayesoma nyuso. Dume kijana aligeuka, akaona uso umeiva, akajua mzee anautaka ubosi wake. Akamrukia.

Mzee aliparamia wavu hadi juu, akajitupa kifuani kwa shemeji, akausugua uso kwenye shati mpaka rangi ikaisha. Kijana akamtazama, akaona majivu yaleyale, akarudi kwenye karoti zake.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na meneja, wameona yote.

"Mgonjwa gani anapanda wavu hivyo?" akamuuliza meneja. "Huyu haumwi. Amejiuzulu tu. Uso huo ndio unaomlinda. Mwacheni hapahapa."

Shemeji alirudi nyumbani anaimba. Dada akatazama shati.

"Huyu mwenye midomo ni nani?"

"Kima."

"Hata mimi ningemwita hivyo. Nauliza jina lake!"

Shemeji akanipigia simu nije nimtolee ushahidi. Nilikwenda, nikaeleza yote, dada akacheka mpaka akakaa chini. Ila nilianza kwa kumuuzia shemeji sabuni ya madoa. Pale mlangoni, kabla sijafungua mdomo kumtetea.