Paipu ya Bluu

Kila alfajiri, kabla lori halijatoka yadi ya Usagara, Odeta na Mzee Okeyo walikuwa na kazi yao ya watu wawili. Odeta aliwasha injini, akakaa kwenye usukani akiangalia mishale ya geji ya upepo ikipanda taratibu. Kengele ya onyo ililia bila kukoma mpaka mishale ilipotoka kwenye rangi nyekundu, kisha ikanyamaza. Hapo alikanyaga pedeli ya breki akaishikilia, na mzee akaanza kuzunguka gari na fimbo yake, gurudumu kwa gurudumu, akisikiliza na kugonga kile chuma kinachochomoza kwenye chemba ya breki upepo unapofika.

"Kimetoka," aliita. Akasogea gurudumu la pili. "Kimetoka."

Mzunguko huo mzee ndiye aliyemfundisha Odeta. Odeta alikuwa muuza mafuta kwenye kituo kimoja cha Nyegezi, binti wa mfugaji wa Bujora, na kila lori lililoingia alilitazama kama wenzake walivyotazama magari madogo. Okeyo, dereva wa siku nyingi, Mjaluo wa upande wa Shirati, ndiye aliyekubali kumchukua kama utingo wake. Madereva walimcheka. "Okeyo umeoa barabarani?" Naye aliwajibu kwamba hajaoa, amepata mtu anayenyamaza anapoelekezwa, kitu ambacho wao wote hawakiwezi.

Miaka ilikwenda. Odeta akapata leseni ya magari makubwa, na macho ya Okeyo yakaingia ukungu. Leseni yake ilipokwisha hakwenda kuihuisha, kwa sababu alijua kuna chumba ambamo angeambiwa asome herufi ukutani. Odeta ndiye aliyemwombea kwa Revocatus, mwenye magari, apande naye kama utingo.

"Utingo mzee hivyo?" Revocatus alisema. "Sawa, mpande. Lakini siku atakayokuchelewesha, dada, ndiyo siku yake ya mwisho."

Maneno hayo yalisemwa mbele ya mzee mwenyewe. Tangu siku hiyo Okeyo alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, na hakuna jambo alilowahi kukiri kwamba halijui au haliwezi.

Siku moja kabla ya safari ya kupeleka saruji Bugeme, lori lilikuwa limeanza kulia kule nyuma. Kila Odeta alipokanyaga breki, upepo ulitoka *fsss* mbele ya trela, na mshale wa geji ukashuka kidogo. Alimwambia mzee amtafute Obedi, fundi wao. Obedi alikuwa msibani Misungwi. Saruji ilikuwa imekwisha kupakiwa, na maboti ya visiwani yaliingoja kwenye mwalo wa Bugeme, gati la wavuvi ziwani.

Asubuhi hii Odeta alikanyaga pedeli, akategea sikio. Kimya. Mshale ulisimama palepale.

"Obedi alikuja?" aliuliza kupitia dirishani.

"Nimeshughulikia," mzee alisema kutoka nyuma. "Twende. Iko sawa."

Hakuita gurudumu moja moja kwenye trela. Odeta aliliona hilo, na moyo wake ulilishika kidogo kisha ukaliachia, maana ni vigumu kumkagua mtu aliyekufundisha kukagua. Alibonyeza ndani vitufe viwili vya dashibodi vinavyoachia breki za kuegesha: cha njano cha kichwa cha gari, na chekundu cha trela. Lori la Kimarekani, la pua ndefu, likang'oka.

Barabara ya lami ilikuwa tambarare na safari ilikuwa njema. Mzee alikuwa na maneno mengi kuliko kawaida.

"Nyie Wasukuma mnaendesha lori kama mnaswaga ng'ombe," alisema. "Polepole, mnaangalia majani."

"Na nyie mngeendesha kama mnavyoongea, tungekuwa tumefika kabla ya kuondoka."

Mzee alicheka, lakini kwa kifupi. Kwenye njia panda ya kuingia barabara ya udongo Odeta alikanyaga breki, akahisi trela ikimsukuma mgongoni.

"Inasukuma," alisema.

"Mzigo ni mzito, mama. Saruji si pamba."

Kushuka Bugeme ni mteremko mrefu kati ya majabali. Ukianzia kileleni unaliona ziwa lote mbele yako, jeupe kwa jua, na chini kabisa, pale barabara inapoishia mchangani, ndipo penye mwalo. Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Kutoka juu Odeta aliona kanga na maturubai, wanawake waliotandaza dagaa mpaka ukingoni mwa barabara, pikipiki, watoto wa kubebwa. Mteremko ule hauna njia ya kuchepukia. Una kona moja, penye jiwe kubwa, kisha unanyooka moja kwa moja hadi kwa watu.

Aliingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, kama alivyofundishwa, maana kwenye mteremko injini ndiyo ishike gari, breki isaidie tu. Akakanyaga breki kidogo, akaachia. Akakanyaga tena. Mara ya tatu alikanyaga na hakuthubutu kuachia.

Lori halikushika. Lilipungua mwendo kidogo, kisha ule uzito wa nyuma ukalisukuma upya, na injini ikapandisha sauti kama mtu anayelazimishwa kukimbia. Harufu ya breki kuungua ikaingia ndani.

Odeta alitazama geji. Mishale yote miwili ilikuwa juu, pazuri kabisa. Kengele kimya. Hilo ndilo lililomtisha. Gari la breki za upepo likikosa upepo, lenyewe husimama: ndani ya chemba kuna springi nene, na kinachoizuia isikabe gurudumu ni upepo tu. Upepo ukiisha, springi inakaba, upende usipende. Kwa hiyo dereva haogopi sana upepo ulioisha. Wa kuogopwa ni upepo uliopo lakini haufiki.

"Mzee," alisema, "trela haishiki."

Okeyo alitazama mikono yake.

Odeta alivuta ule mkono mdogo chini ya usukani, unaobana breki za trela peke yake. Alitegemea kuhisi gari likivutwa kwa nyuma. Hakuhisi kitu. Alivuta mpaka mwisho.

Akiwa msichana, kule Bujora, baba yake alikuwa akishusha mkokoteni wa ng'ombe kilimani, na kabla ya kushuka alifunga gogo kwa nyuma liburute ardhini. Siku moja kaka yake alisahau gogo. Maksai hawakuwa na kosa lolote. Walijitahidi kuzuia kwa vifua vyao mpaka mzigo ukawapanda. Baba alisema neno moja tu jioni ile, kwamba mzigo hauzuiwi kwa mbele. Sasa kichwa cha lori kilikuwa kama wale maksai, kinazuia peke yake, na breki zake zilikuwa zinaungua.

"Odeta," mzee alisema. Hakumwita mama, wala binti yangu. "Paipu ya bluu nimeifunga."

"Umeifunga vipi?"

"Ilipasuka mbele ya trela. Nimeikunja, nimeifunga kwa mpira wa tyubu. Ili isivujishe upepo."

Odeta alielewa mara moja. Madereva wa njia ile walikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Paipu ikivuja porini, unaikunja kama shingo ya kuku, unaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, unafika nyumbani. Ndiyo maana asubuhi kulikuwa kimya. Paipu mbili hupeleka upepo kwenye trela: nyekundu inajaza mtungi wake na kuziachia springi, na bluu ndiyo inayopeleka agizo la mguu wa dereva. Mzee alikuwa ameliziba agizo. Ule mkono wa trela nao ulipitia njia hiyo hiyo. Angeweza kuuvuta mpaka ung'oke, hakuna gurudumu la nyuma ambalo lingesikia.

"Nyekundu hukuigusa?"

"Sikuigusa. Haki ya Mungu."

Basi kilibaki chekundu. Akivuta kile kitufe chekundu, upepo utakatika kwenye paipu ile nyingine, na springi za trela zitakaba zote kwa mpigo. Lakini si hapa. Kona ilikuwa mbele yao, na trela iliyokabwa magurudumu kwenye kona ya changarawe haifuati kichwa. Huenda inakotaka. Ingekwenda bondeni na kuwavuta nao.

"Vuta," mzee alisema. "Vuta, Odeta."

"Kona kwanza."

"Hatutafika kona."

"Shika mlango ukae kimya."

Hakuwahi kusema naye hivyo. Mzee alishika mlango.

Odeta alikaza mguu kwenye pedeli bila kuichezea. Mwingine angepiga-piga breki kwa hofu, na kila pigo lingemwaga upepo ule ule anaouhitaji. Mkono wa kushoto ulilala kwenye honi. Jiwe kubwa lilikuja, likapita dirishani karibu kiasi cha kuona kinyesi cheupe cha ndege juu yake. Usukani ulikuwa mzito. Trela ililalia upande, ikang'ang'ania, ikajirudi. Mbele, barabara ikanyooka.

Chini kule watu walikuwa wamesikia honi. Wengine walikimbia. Wengine, wanawake wale, waliinamia maturubai yao wakiyakunja na dagaa ndani, maana mtu hawezi kuacha kazi ya wiki nzima ikanyagwe. Odeta aliwaona mgongo kwa mgongo, wameinama, hawatazami juu.

Akavuta chekundu.

Upepo ulipasuka kwa sauti kama ya risasi. Halafu kitu kikubwa kikawakamata kwa nyuma. Okeyo akaenda mbele akagonga kioo kwa mikono. Magurudumu ya trela yalikuwa yamefunga yote, yanaburuzwa, na vumbi likapanda mpaka vioo vya pembeni vikawa havionyeshi kitu. Odeta alishika usukani wima, wima, akihesabu kwa macho turubai lililo karibu zaidi. Lori lilikwenda bado. Likaenda kwa uzito, kama ng'ombe anayeburutwa kwa kamba. Kisha likakoma.

Alivuta kitufe cha njano. Akazima injini. Mguu wake wa kulia ulibaki kwenye pedeli, na ilimbidi auondoe kwa mkono.

Vumbi lilipotulia, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya boneti, ndoo mkononi. Baadaye walijua anaitwa Tereza.

"Dada," alisema, "dagaa zangu umezitia mchanga."

"Samahani, mama."

"Wateja watasema nimechanganya ili uzito uzidi." Aliangalia magurudumu yanayofuka moshi, akaangalia turubai lake, akakaa chini palepale.

Mzee alikuwa amekwisha kushuka. Aliweka mawe chini ya magurudumu, moja baada ya jingine, kwa kupapasa. Kisha akaenda mbele ya trela, akatoa kisu, akaanza kukata tyubu aliyoifunga mwenyewe. Kisu kiliteleza kwenye mpira. Odeta alisimama nyuma yake, hakumsaidia.

"Zamani tulifanya hivi," Okeyo alisema bila kugeuka.

"Ukiwa na mzigo?"

Aliendelea kukata. Tyubu ikakatika, paipu ikajikunjua nusu tu, mkunjo umebaki.

"Tukiwa tupu," alisema.

"Ungeniambia asubuhi."

"Ningekuambia tungelala yadini. Boti zingeondoka. Yeye angesema nini?"

Odeta alijua Revocatus angesema nini. Alijua pia kwamba ule ukimya wa asubuhi, ule wa paipu isiyolia, na yeye aliupenda.

Simu ililia. Revocatus, aliyekwisha kupigiwa na watu wa boti, aliuliza kwa nini gari limesimama nje ya mwalo.

"Paipu ya trela imepasuka," Odeta alisema. "Gari halisogei mpaka Obedi alete mpya. Wapakuaji wabebe mifuko kutoka hapa."

"Ni huyo mzee amekuchelewesha?"

Okeyo alikuwa karibu, na masikio yake hayakuwa na ukungu. Alitazama ziwani.

"Nimechelewa mimi," Odeta alisema. "Dereva ni mimi."

Haukuwa uongo. Akakata simu. Walihesabu mifuko mpaka saruji ikaisha, na usiku, walipojilaza, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye kitanda cha nyuma, kila mmoja alijua mwenzake yuko macho.

Obedi alifika asubuhi kwa bodaboda, paipu mpya ya bluu shingoni kama shada. Aliitazama ile ya zamani, akatazama alama ya mkunjo, akamtazama mzee. Alifunga mpya, akanawa mikono ziwani, akaondoka.

Okeyo alichukua fimbo, akasimama mahali pake, karibu na gurudumu la mbele, akingoja injini iwake. Odeta alishuka.

"Baba," alisema, "lete fimbo. Panda wewe."

"Nipande wapi?"

"Kwenye usukani. Ukanyage pedeli."

Mzee alimkabidhi fimbo. Alielewa anachonyang'anywa. Alipanda polepole, akikitafuta kidaraja kwa mguu, akakaa kwenye kiti ambacho hakuwa amekikalia tangu macho yake yalipoingia ukungu, na mikono yake ikaenda yenyewe kwenye usukani, pale pale inapostahili. Odeta aliiona, akageuza uso.

Injini ikawaka. Kengele ikalia, ikanyamaza.

"Kanyaga."

Odeta alianza mbele. Chuma kilichomoza, akakigonga. Akasogea nyuma, akapiga goti kwenye mchanga, akaingiza kichwa chini ya trela, akaenda gurudumu kwa gurudumu bila haraka. Kwenye la mwisho alikaa zaidi, mkono juu ya chemba, akisikiliza upepo ukifika.

"Vipi huko?" mzee aliita kutoka juu.

"Shikilia hivyo hivyo," Odeta alisema. "Bado naangalia."