Viazi Kwenye Maji ya Chumvi

Saa nne na robo asubuhi, Jumapili, mke wa kaka yangu alisimama mbele ya kina mama wa jumuiya yetu pale Msamala, akakunjua kitambaa cha meza chenye maua mekundu, akasema, "Hii ni kazi ya mikono yangu."

Ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimemwazima tu, apokelee wageni. Miaka ile ya soko huria, rangi za unga zilipoanza kujaa madukani Songea, nilijifundisha mwenyewe kuchapa vitambaa kwa mboga. Kiazi mviringo nilikikata katikati nikachonga ua, nikakichovya kwenye rangi na kukigandamiza kitambaani. Bamia haikuhitaji kuchongwa. Ukiikata kwa upana, nyota imo tayari.

Mama mmoja wa Ruhuwiko, aliyekuwa akijiandaa kumwoza mwanawe, akampa wifi kazi ya mapazia ya ukumbi papo hapo.

Alhamisi jioni wifi aliingia jikoni kwangu.

"Wifi, wewe mwenye vitabu vyako, kiazi nikikichonga leo, kesho si kitakuwa cheusi?"

"Kitakuwa cheusi."

"Sasa nifanyeje? Au unaninyima, mchoyo wewe?"

"Kilaze kwenye maji ya chumvi."

"Kama samaki?" Akacheka. "Chumvi kiasi gani?"

"Tia mpaka mkono uchoke."

Nilikuwa nimeshajaribu. Nusu ya kiazi niliyoilaza kwenye maji matupu iliamka ngumu, kingo zake kali. Nusu ya pili, iliyolala kwenye chumvi, ilipindika vidoleni kama ndala kuukuu.

Ijumaa nilikwenda Ruhuwiko kutazama. Viazi vya wifi vilikuwa vimelegea, naye, badala ya kuchonga vingine, alizidi kuvikandamiza. Petali zilitambaa, rangi ikachuruzika hadi kwenye pindo. Yule mama mwenye harusi alilinyanyua pazia.

"Haya ni maua, mama, au bata amepita hapa?"

Wifi alinigeukia. "Wifi, si ulisema chumvi?"

"Nilisema. Kwani wewe hukujua? Si kazi ya mikono yako?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimtazama mpaka akainamisha uso.

Ukumbi niliupamba mimi. Kitambaa kilichoharibika alikilipa yeye, kwa akiba aliyoiweka anunue cherehani, nami sikumwombea apunguziwe: shilingi elfu kumi na nane na mia tano.