Karatasi ya Usingizi Niliyoijaza Upya

Katika maisha yangu ya uuguzi nimeandika uongo mwingi, na ule wa kwanza siujutii hata kidogo. Wakati wa vita, watu wenye bunduki walikuwa wakiingia wodini kwetu hapa Kindu mchana kweupe, wakipiga mlango teke na kudai rejista. Walitafuta wenye majeraha ya risasi. Kwao, kijana mwenye tundu mguuni alikuwa adui, hata kama alipigwa akitoka kuchota maji. Basi mimi niliandika "malaria kali", au "ngiri", na mdogo wangu akamfunika mgonjwa shuka hadi kidevuni. Namwita mdogo wangu ingawa hatukuzaliwa nyumba moja. Aliletwa kwangu akiwa muuguzi mpya, na hatujaachana hadi leo.

Siku moja walilivuta shuka. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa amesimama karibu. Sitasimulia zaidi. Aliosha damu sakafuni mwenyewe, akaendelea na zamu.

Vita viliisha, au tuliambiwa viliisha. Nikawa muuguzi mkuu wa wodi, na tabia ya kunyoosha makaratasi ikabaki mkononi mwangu. Ripoti yenye sura mbaya haipiti kwangu.

Mwaka juzi alikuja daktari mmoja kutoka chuo kikuu, mama mpole, na karatasi za maswali. Alitaka kupima usingizi wetu, madaktari na wauguzi. Nilimwambia apunguze kazi, atutazame tu macho. Alicheka, akagawa karatasi. Mwezi uliopita, ni mara ngapi ulishindwa kupata usingizi ndani ya nusu saa? Ulichagua: hakuna, mara moja kwa wiki, mara mbili, mara tatu au zaidi. Jina halikuandikwa. Kila mtu alibaki na kipande chenye namba yake, na mimi nikapewa kazi ya kukusanya.

Mwandiko wa mdogo wangu naujua hata gizani. Alikuwa ameweka alama kwenye "mara tatu au zaidi" kila mahali. Chini, kwenye nafasi ya sababu nyingine, aliandika: "Nikifunga macho nasikia mlango unapigwa teke. Naogopa nitakosea dawa. Nisaidieni."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Huvuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli, anafika, anasalimia, anawatania wagonjwa hadi wanacheka. Mimi nilidhani analala.

Nilikaa na ile karatasi mapajani, na woga ukanishika. Wakubwa wakisoma haya watasema hafai, watamwondoa kazini, naye ni mjane mwenye watoto. Nikachukua karatasi tupu, nikaandika namba yake, nikaweka alama za mtu anayelala fofofo. Ile ya kwake nikaichana vipande vidogo. Nilijiona nimemwokoa.

Baada ya wiki kadhaa yule daktari alirudi, akabandika ukutani orodha ya namba za waliozidiwa. Alisema hao wataondolewa zamu za usiku kwa muda na kuonana na daktari wa akili, na hakuna atakayepoteza kazi. Nilikuwa nyuma ya mdogo wangu. Alipitisha kidole kwenye orodha kutoka juu hadi chini, kisha akaanza tena juu.

"Yaya," aliniuliza, neno letu la kumwita ndugu mkubwa, "karatasi yangu walisoma?"

"Walisoma, mudogo wangu."

"Hata kule chini, kwenye niliandika?"

"Yote."

Alikunja kile kipande cha namba. "Basi ndio vile. Kama walisoma na waliona si kitu, iko si kitu."

Ningeweza kusema palepale, wakati daktari yuko hatua tatu tu kutoka kwetu. Niliona haya. Niliogopa uso wa mdogo wangu, mimi ambaye sikuwaogopa wale wenye bunduki. Kesho yake nikaahirisha, na kesho nyingine, hadi neno lenyewe likaoza mdomoni. Sina dawa ya jambo hili na sitegemei kuipata.

Mwaka huu karatasi zimeletwa tena. Mdogo wangu hakuketi hata kidogo. Aliiweka ya kwake kwenye kizingiti cha dirisha, akachora alama kwenye "hakuna" tangu swali la kwanza hadi la mwisho bila kusoma, akanikabidhi. Nami niliipokea, nikaiweka pamoja na nyingine.