Ute Ndani ya Mrija

Sijui kama mtu aliyeishia darasa la sita ana haki ya kuandika habari za bakteria. Ninaandika nilivyoelezwa na msichana niliyempenda, na siku ile nilikuwa nikimtazama zaidi kuliko kumsikiliza, kwa hiyo makosa yote ni yangu.

Ilikuwa mwaka tisini na moja, Nyakabanda. Mimi nilikuwa fundi baiskeli. Yeye alikuwa akiosha na kuchemsha vyombo kwenye zahanati. Mara ya kwanza kufika kwao, baba yake alinikaribisha pombe ya mtama kwa mrija wake, ule ule mmoja uliozunguka midomo ya wote waliokaa. Kwetu mrija haukataliwi. Ukiukataa, umemwambia mwenye nyumba kuwa ni mchawi. Nikavuta, nikasifu, nikavuta tena.

Siku tatu baadaye shavu langu lilikuwa kama nimeficha parachichi ndani. Nesi akanidunga sindano. Msichana wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ulikuwa umeng'oa jino?"

"Siku moja kabla."

"Basi mlango uliufungua mwenyewe."

Akanieleza. Bakteria wakipata ukuta wenye unyevu, kama wa ndani ya mrija ule, hujibandika, kisha hutoa ute na kujifunika nao, wakazaana humo. Maji ya kusuuza hupita juu yao kama mvua juu ya bati. Wenyewe wametulia ndani. Wengine huhamia kinywani mwa mtu wakakaa miaka bila kumdhuru, hadi siku watakapopata kidonda. Nami kidonda nilikuwa nacho. Lakini nisimwonee mtu: huenda walionivimbisha walikuwa wa kinywani mwangu, na mrija ukasingiziwa bure. Nilimwambia hivyo. Akasema hata nesi hawezi kuapa.

Shida ilikuwa Jumapili iliyofuata. Nilitakiwa kurudi kwao kuuliza kama wazee wangu waje kumposa.

"Ukikataa mrija wa baba, umenikosa," alisema. "Ukiutumia ulivyo, na shimo la jino halijaziba, utarudi hapa na shavu la pili."

"Si uuchemshe?"

"Nikiuchemsha watakufa, lakini ule ute utabaki, na wapya watakuta nyumba tayari. Kwanza usuguliwe ndani."

Kusugua ndani! Hiyo si kazi ya fundi? Nilifika mapema, akaniletea mrija nyuma ya jikoni. Nikachukua spoku ya baiskeli niliyoizungushia kitambaa nchani, nikasukuma kwa mapenzi yangu yote. Pa! Mrija ukapasuka toka juu hadi chini.

Tukatazamana. Halafu, Mungu anisamehe, tukacheka, kila mmoja amemziba mwenzake mdomo. Yeye akashauri tuseme mbuzi ameutafuna. Nikaona si haki kwa mbuzi. Nikaupeleka barazani kwa mikono miwili, kipande huku, kipande huku.

"Mzee, nimeuvunja mimi. Nilikuwa nausafisha."

Akavipokea. Ndani kulikuwa na utando wa kahawia, unateleza kama njia ya konokono. Akaugusa, akanusa kidole.

"Hii iko nini?"

Binti yake akamweleza, taratibu, huku ameinamisha kichwa.

"Mbona mimi siumwi?"

"Wamekuzoea, baba. Wanangoja kidonda."

"Wananingoja? Mimi? Nyumbani kwangu?"

Jirani aliyekuwa kando yake, ambaye kila mara huupokea mrija baada yake, alijifuta midomo kwanza, ndipo akaangua kicheko. "Unawanywesha kila Jumapili, sasa waende wapi?"

Mzee hakucheka. Aliviunganisha vile vipande, vikaachana.

"Mrija huu nilipewa na baba mkwe wangu. Siku aliyonikubali."

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Nilijua nimeshamkosa msichana wangu, na kwa kweli nisingemlaumu mzee.

"Aliyevunja analeta mwingine," akasema. "Leta miwili. Mmoja wangu, mmoja wako. Na usije nayo peke yako. Kitu kama hicho kinaletwa na wazee."

Msichana akanisindikiza hadi barabarani, mimi nikikokota baiskeli.

"Ile ilikuwa ndiyo?" nikamuuliza.

"Unataka akupigie na muhuri?"

Nikateremka mlima wote bila kushika breki, mdomo wazi, upepo ukiingia moja kwa moja kwenye shimo la jino.