Shahada ya Ngozi

Nilipomaliza chuo kikuu Kampala, miaka ile ya hamsini, nilirudi nyumbani Ngao, kando ya Mto Tana, nikiwa na nafasi mbili za kusomea shahada ya pili Uingereza. Moja ilikuwa ya biashara kwa ujumla, London. Nyingine ilikuwa ya biashara ya ngozi, katika mji wa viwanda huko kaskazini. Nilitakiwa kujibu kabla mvua hazijafunga njia.

Moyo wangu ulikuwa kwenye ngozi. Tangu utotoni niliziona katika mji jirani wa Garsen zikianikwa chini juani, zikikakamaa na kupasuka, zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Viatu tulivyovaa shuleni vilitoka ng'ambo. Nilitaka kuijua kazi ile yote, kutoka zizini hadi dukani.

Mama nilimkuta kwenye mpunga akifukuza ndege. Nilipomweleza, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, bado hujamaliza kusoma?"

"Nimemaliza, mama. Hii ni nyingine."

"Haya," akasema, akarusha bonge la udongo kwa kombeo. Hakuuliza tena, nami sikujua nianzie wapi.

Nikaenda Garsen kwa rafiki yangu, Muorma niliyelala naye bweni moja miaka yote ya shule. Alikuwa akinywesha ng'ombe wa baba yake mtoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Chukua ile ya London," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwetu Waorma anayeishi kwa kazi ya ngozi hudharauliwa, haketi mkeka mmoja na watu. Baba hatakubali uketi nasi."

"Na wewe je?"

Akamsukuma ndama mmoja kuelekea majini. "Mimi naishi na baba."

Nilirudi Ngao kwa miguu, hasira zikinipanda na kushuka. Wiki hiyohiyo nikajibu. Nilichagua ngozi.

Huko kaskazini wanafunzi wenzangu walikuwa watoto wa wenye viwanda. Hawakunitendea ubaya, ila Ijumaa ikifika walirudi kwao tu, nikabaki. Jumapili nyingine jua lilizama sijasema neno na mtu. Nilikuwa nikitembea kando ya kiwanda cha ngozi kilichofungwa, kwa sababu harufu yake ilifanana kidogo na ya Garsen. Rafiki yangu nilimwandikia mara kadhaa. Hakujibu.

Niliporudi, kampuni moja ya Mombasa iliniajiri ninunue ngozi huku Tana. Niliwaonyesha watu kuziwamba kwenye fremu, kivulini, ili zisipasuke. Wengi walikubali walipoona bei imepanda. Asubuhi moja rafiki yangu akaja na punda, ngozi mgongoni. Zilikuwa safi, zimewambwa vizuri. Baba yake, aliniambia, alikuwa amefariki.

Nilimpa pole. Nikamvutia kiti, nikamimina chai.

Alibaki amesimama. "Huko kulikuwa na baridi?"

"Sana."

"Nilizipata barua zako," akasema. "Nilizisoma zote."

Nilingoja aendelee. Alishika kamba ya punda, akaniaga kwa adabu kama mtu anavyomuaga mwenye duka, akaenda zake. Chai sikuigusa mpaka ikapoa.

Kazi ile niliipenda, nikaifanya mpaka nikastaafu. Yeye aliendelea kuniletea ngozi nzuri kuliko za wote, na kila mara nilimkaribisha akae. Alikuwa akishukuru, akisema ana haraka.