Mlezi wa Mkaidi

Majirani wa Mukami pale mtaa wa Jericho walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ana mtoto aliyemficha mahali. Msichana hana mume, lakini kila Jumapili, mahubiri hayajafika nusu, anachukua mkoba wake na kuteleza nje. Sikukuu ni vilevile. Krismasi iliyopita aliacha chapati zikiwa mekoni, akamwambia mamake, "Naenda kuwalisha," akatoka mbio. Mamake hakukanusha lolote. Alisema tu kwamba kila mtu ana mzigo wake, na hapo majirani wakapata uhakika kamili.

Aliokwenda kuwalisha ni vimelea vya malaria. Mukami ni mtafiti katika maabara moja ng'ambo ya pili ya jiji, na kazi yake ni kuzisoma jeni za vimelea hivyo ajue kwa nini vingine vinamwagiwa dawa na havifi. Kabla ya kusomwa ni lazima vizaane kwanza, navyo havizaani ila ndani ya damu ya binadamu, yenye joto la mwili, inayotunzwa kila siku iendayo kwa Mungu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mwana wa aina hii hajui Jumapili.

Mwaka huu alikuwa na mmoja, yaani ukoo mzima wa vimelea, aliyemjali kuliko wote. Alitoka katika damu ya mtoto wa huko magharibi aliyemaliza dozi nzima na homa ikarudi. Ilibidi apewe dawa nyingine ndipo akapona. Mukami alimwita Mkaidi, kwa sababu mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, na Idi ya huyu alitaka kuipanga yeye mwenyewe. Lakini Mkaidi alikuwa bado haba mno kusomwa, na hapakuwa na akiba yake kwenye friji. Akifa, siri ya ukaidi wake ingekufa naye, na mtoto mwingine angemezeshwa dawa isiyofanya kazi.

Damu ya kumlea ilitoka kwa Mzee Phares. Damu ya hospitali huwekewa wagonjwa, kwa hiyo maabara huomba watu wenye afya wa kundi O wajitolee, na Mzee Phares, mstaafu wa reli aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwa akina Mukami, alikuwa O. Siku ya kutoa alivaa suti na tai. Kwenye drafti karibu na soko aliwatambia wenzake kwamba yeye amestaafu, ila damu yake bado iko kazini. Tangu mkewe afariki hakuna mtu aliyemhitaji kwa jambo lolote. Mukami aliliona hilo, na kila maabara ilipotaka damu alimwita yeye kwanza.

Jumatatu moja Mukami akainamia darubini. Mkaidi, ambaye hukaa ndani ya chembe ya damu kama pete ndogo safi, alikuwa amesinyaa akawa doa jeusi. Mukami alibadilisha maji ya chakula, akapima joto la kabati la kukuzia vimelea, akaosha mikono hadi ikachubuka. Kesho yake zilibaki pete chache, nazo zimepauka.

Mkuu wake, Ndirangu, si mtu mbaya, ila huruma yake huchelewa njiani. "Mukami, hii ni mikono," alisema. "Umeingiza uchafu mahali. Wacha mtu mwingine amshike kabla hajaisha."

"Nipe hadi kesho."

"Kesho yenyewe sijui kama ataiona."

Alirudi Jericho akiwa na hasira, na kilichomkasirisha zaidi ni kutojua amkasirikie nani. Mlangoni alimkuta Mzee Phares na samaki mkavu aliyefungwa kwa gazeti.

"Nyathina, mwanangu, hii ni ya mama yako. Nilitoka nayo nyumbani kijijini nikasahau kuileta."

"Ulienda nyumbani lini, Mzee?"

"Si ile matanga ya shemeji. Nilirudi, kesho yake nikakuja kwenu kutoa damu."

Mukami aliweka mkoba chini. "Ulimeza dawa ya malaria?"

"Hiyo ni lazima. Mbu wa kwetu hawanijui tena. Nilimeza dozi yote."

"Lakini nilikuuliza kama umetumia dawa yoyote. Ukasema hapana."

"Dawa ni ya mgonjwa," Mzee alimweleza kwa upole. "Mimi sikuwa mgonjwa."

Siku nyingine Mukami angecheka hadi akae chini. Dawa ile hukaa ndani ya damu kwa wiki kadhaa, na haikuwa ile ambayo Mkaidi alikuwa ameizoea. Mukami alikuwa akimlisha sumu kwa mkono wake mwenyewe. Angeweza kushukuru kwa samaki na kunyamaza, lakini wiki hiyohiyo Mzee alitarajiwa kutoa tena. Akamwambia yote palepale. Mzee alimkabidhi samaki, akaenda kwake, akafunga mlango polepole. Mukami alilia jikoni, na hakujua ni nani aliyemuuma zaidi, Mkaidi au mzee.

Asubuhi alikuwa akiziosha pete zilizobaki, damu mpya hana, askari wa lango alipopiga simu kwamba kuna mzee amekuja na watu wake. Mukami akashuka. Mzee Phares alikuwa amesimama katika suti yake, nyuma yake wachezaji wote wa drafti.

"Hawa wote wanajua ni O," alisema. "Na mimi sikuwauliza dawa. Nimewauliza kila kitu kilichopita kooni tangu mwezi uliopita. Kimeu nimemkataa."

"Niaje, daktari," Kimeu akasema kutoka nyuma, maana alikuwa amefuata tu hata hivyo. "Ilikuwa tembe ya tumbo. Tena nusu."

"Nusu ya dawa ni dawa," Mzee akamkata.

Maabara iliwahoji upya na kuwapima, ikamchagua Seth, fundi wa viatu. Damu yake ilimfaa Mkaidi. Wiki ilipoisha pete zilikuwa zimejaa tele, na kazi ya kusoma jeni ikaanza. Ndirangu alichungulia darubini kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mikono iko sawa." Kwake yeye huko ndiko kuomba msamaha, na Mukami alimsamehe kwa furaha.

Jumapili jioni aliporudi kutoka maabara, Mzee Phares alikuwa mlangoni anamngoja.

"Amekula?"

"Amekula, Mzee. Ameshiba. Amenenepa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akamwambia kwamba akiwa kijana, huko nyumbani, alimbeba dada yake mdogo, aliyekuwa na malaria, mgongoni hadi zahanati, na akarudi naye amefunikwa shuka hadi usoni.

"Basi vizuri," alisema. "Tumemlisha, tumemuuguza, amepona. Sasa tafuteni cha kumuua."