Kifungua Mdomo Siku ya Jumapili

Sababu ya safari hii ilikuwa mimba ya miezi miwili. Gasto, kijana wa marehemu kaka yangu, alikuwa amempa mimba Rosina, binti wa Mzee Kasiani, katika kijiji kimoja mbele ya Mchombe. Jina la kijiji silitaji, maana bado nataka kwenda kula wali kule. Baba wa binti tuliamini hajui kitu. Nikateuliwa mshenga, nikapeleke posa. Kwaresima ilikuwa inaanza Jumatano, na kule mambo ya posa na harusi wakati wa Kwaresima hayazungumzwi. Nikirudi bila jibu, ni mpaka Pasaka. Na tumbo, jamani, halisubiri Pasaka.

Jumamosi saa kumi jioni basi kutoka Morogoro lilinishusha Ifakara, kiuno kikiniuma. Nikapata chumba Kibaoni, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mcheshi. Kumweleza tu safari yangu, akauliza:

"Kifungua mdomo umeshanunua?"

Katika ukoo wa Rosina, baba wa binti hasemi hata neno moja na mshenga mpaka aletewe ndoo ya pombe ya kienyeji. Hicho ndicho kifungua mdomo.

"Nitanunua huko huko, mama."

"Kesho Jumapili, baba. Nunua leo."

"Yaani mimi, na mvi hizi, nifundishwe kununua pombe?"

Akacheka, akaenda kunifungia chandarua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili asubuhi nilipanda gari la Mlimba, nikashukia Mchombe, nikachukua bodaboda. Mpunga ulikuwa umesimama kijani pande zote za njia, nikawa naimba kimoyomoyo. Wimbo ulikatika tulipofika kanisani. Pembeni palikuwa na kibao: SIKU YA BWANA. HAKUNA KUUZA. HAKUNA KUNUNUA. HAKUNA POMBE. KAMATI. Nikakisoma mara mbili.

Saa tatu nilikuwa mbele ya duka la Mzee Saidi, limefungwa kwa kufuli. Mwenyewe alikuwa amekaa barazani na kofia yake.

"Shikamoo mzee. Na wewe Mwislamu unafunga Jumapili?"

"Marahaba. Ijumaa nafunga kwa ajili ya Mungu, Jumapili nafunga kwa ajili ya majirani."

Lakini uani kwake niliona foleni ya watu wenye vikapu. Akanieleza kwamba kamati ya kanisa imeruhusu kuuza dawa tu. Mbele ya macho yangu mama mmoja akatoka na kilo mbili za sukari.

"Sukari nayo ni dawa?"

"Ya chai," akajibu bila kupepesa macho.

Pombe, hata hivyo, haikuwa imepata ugonjwa wa kutibu. Nikaelekezwa kwa Mama Vero, mpishi wa pombe anayesifiwa kijiji kizima. Nikamkuta amejiinamia, kata yake ya kuchotea pombe kavu.

"Umechelewa, kaka. Kamati wamepita alfajiri, wamenibebea ndoo yangu ya mwisho. Eti kidhibiti. Nyingine haiivi kabla ya Jumatano."

"Wameipeleka wapi?"

"Kwa mwenyekiti wao. Chumbani kwake. Mzee Kasiani."

Loo! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Saa tano, misa ilipokwisha, niliingia kwa Mzee Kasiani mikono mitupu. Nikamwamkia. Akainua mkono, akanionyesha kiti, akanyamaza. Wajumbe watatu wa kamati walikuja nao kula ubwabwa, wakakaa wakinyamaza pamoja naye. Saa sita. Saa saba. Aliyepiga marufuku pombe ya Jumapili alikuwa anangoja pombe siku ya Jumapili, na wote tulikuwa tunautazama mlango wa chumba kimoja.

"Msimlaumu," mkewe alisema akiondoa sahani. "Amefungwa kamba aliyoisuka mwenyewe."

Nilimwona Rosina akipita uani, khanga ameifunga juu juu, nikahesabu siku mpaka Pasaka, roho ikaniuma kweli.

Saa nane Rosina aliingia chumbani kwa baba yake. Akatoka na ndoo imefunikwa, karatasi ya kamati ingali imebandikwa. Akapiga magoti mbele yangu.

"Baba mdogo, ndoo yako hii hapa."

Mama yake akageuka kutazama ukuta. Nikaibeba ile ndoo hatua nne, nikaiweka miguuni kwa Mzee Kasiani. Akateka kata moja, akanywa taratibu, akafuta mdomo, akaufungua.

"Nani kakuuzia pombe Jumapili?"

"Sikuuziwa, mzee. Nimepewa."

Akawageukia wajumbe. Mmoja akakohoa. "Kupewa hakumo kwenye kibao, mwenyekiti."

"Basi mshenga, sema lililokuleta."

Jua lilipoanza kupungua makali posa ilikuwa imepokelewa, ndoo imebaki tupu, na kesi ya Mama Vero ikafa kwa kukosa ushahidi.

Jumatatu asubuhi Mzee Kasiani alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipokaribia kufika akasema:

"Mwambie Gasto asikae sana mjini. Mtoto asizaliwe baba yake hayupo."

Nikasimama. "Mzee! Kumbe ulijua?"

"Nina mabinti watano. Macho ninayo."

"Sasa jana saa zote zile unanitazama tu?"

"Mila ilinifunga mdomo, nami nikashukuru. Ningeufungua mapema, pale mbele ya kamati, hasira bado ninayo, neno la kwanza lingekuwa la mimba hiyo. Mwanangu angelisikia maisha yake yote."

Gari la Ifakara lilikuwa linakuja. Nendeni kule, wasomaji wangu, ila pombe nunueni Jumamosi. Njia nzima nilikuwa nimeandaa vichekesho vya kuwasimulia juu ya mzee huyu na kamati yake, na mnaona nimevisimulia. Lakini pale barabarani nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwamkia upya, na shikamoo ile ilitoka moyoni.